Bwawa la Igiri na Upawa wa Mkwe

Mkwe wangu alisimama mlangoni akakataa kiti. Halikuwa jambo la kawaida. Kijana huyu, mume wa binti yangu wa mwisho, akija kwetu huvua viatu kabla hata hajakaribishwa, na kiti anachopenda kimeshakuwa chake kiasi kwamba mjukuu akikikalia huambiwa ainuke. Siku hiyo alibaki na viatu vyake miguuni, kitambulisho shingoni na bahasha ya kaki mkononi.

"Shikamoo, baba. Leo nimekuja kikazi."

"Marahaba. Basi kaa kikazi," nilimjibu.

Hakucheka. Alinipa bahasha kwa mikono miwili, akaniomba nitie saini kwenye kitabu cha kupokelea barua, akaaga. Mkwe wangu ndiye bwana afya wa eneo letu. Barua aliyoileta haikuandikwa naye bali na ofisi yake, na ilisema kwamba kumekuwa na malalamiko ya mbu kutoka kwenye bwawa langu. Nilipewa siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano ungefanyika ukaguzi, na kama wangekuta viluwiluwi vya mbu, bwawa lingefukiwa kwa kifusi wiki hiyo hiyo.

Niliisoma mara mbili. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Aliniuliza ina habari gani, nikamwambia kwamba mkwe wake anataka kuzika mimea yangu ya igiri.

"Si mkwe, ni ofisi," alisema bila kuacha ungo.

Inafaa nieleze bwawa lenyewe, maana mtu asiyelijua ataona ni dimbwi tu na mzee mkaidi.

Nyumba yetu iko mwisho wa mteremko. Maji ya mtaa mzima, ya mvua na ya kufulia, yakishachoka kutembea huja kupumzika nyuma ya jiko letu. Kwa miaka mingi hapo palikuwa na tope, vyura, na jina nililopewa na watoto wa jirani, Mzee Chura, ambalo watu wazima nao walilichukua bila kuniomba ruhusa. Nilikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minne. Nimeingiza maji katika hospitali, shule na hoteli, na nimeyatoa pia, kazi ambayo ndiyo ngumu zaidi. Lakini nyuma ya jiko langu yalinishinda. Kinyozi hajinyoi, watu walisema.

Igiri niliipata kwenye bustani ya jengo moja la ofisi, nilikokwenda kuzibua bomba la chemchemi ya mapambo. Pembeni mwa maji palikuwa na majani marefu, yamesimama kama panga. Niliyakanyaga kwa bahati mbaya, yakatoa harufu iliyonifanya nisimame na kifaa mkononi: kitu fulani kati ya ganda la chungwa na mdalasini. Mama aliyetunza bustani ile aliniambia mmea huo ni igiri, kwamba wapo wanaoweka mzizi wake mkavu kwenye sanduku la nguo, na kwamba haukimbii tope kwa sababu tope ndilo chakula chake. Alinikatia vipande vitatu akavifunga kwenye gunia bichi. Alinionya nisivifukie kama maiti. Nivilaze juu ya tope, mgongo uone jua, na mizizi midogo itajishikia chini yenyewe.

Mimi nilianza shule nikiwa na miaka thelathini na moja. Nilisoma masomo ya jioni, nikiingia darasani na suruali ya kazi, nikinuka saruji. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba tangawizi si mzizi bali ni shina lililolala, na nusu ya darasa tulibishana naye hadi kengele ikalia. Kwa hiyo nilipokishika kile kipande cha igiri chenye vifundo, nilijua nimeshika nini. Nilinunua daftari siku hiyo hiyo. Sasa niko kwenye daftari la saba.

Jambo ambalo wengi wenye bustani za majimaji hawalijui ni usawa. Igiri hutaka maji ya kifundoni. Yakifika magotini inadumaa. Yakikauka inaishi, ila haichanui hata ukiiimbia. Na bustani yenye tofauti ya vidole vinne tu, upande mmoja unazama na mwingine unapasuka nyufa. Mimi nilitumia uzi, vijiti na pimamaji yangu ya kazini. Nilijenga ngazi tatu kwa udongo mfinyanzi, kila moja imelala sawa kama meza, na kila moja iko chini ya mwenzake kwa vidole viwili. Maji yakiingia juu hushuka taratibu hadi chini, hayakimbii wala hayalali. Ukitaka kujua kama igiri ni igiri, tazama jani: mshipa wake mkubwa haukai katikati, umesogea upande, na ukingo mmoja una makunyanzi kama kitambaa kilichoshonwa na mwanafunzi. Kama huna hakika, livunje unuse.

Mwaka wa tano ilichanua. Ua lake si la kumsimamisha mpita njia. Ni kama kidole cha rangi ya kijani kinachotokeza ubavuni mwa kitu kinachofanana na jani. Nilikuwa nimelisubiri kwa miaka mitano, nikaenda kumwita mke wangu jikoni. Alikuja akifuta mikono, akainama, akalitazama kwa muda.

"Hili ndilo?"

Nikamwambia ndilo.

"Basi hongera, baba watoto. Umezaa kidole."

Habari zilienea. Mwalimu wa sayansi, ambaye ni mzee kuliko mimi, aliletwa na mwanawe kuja kuliona. Chuo cha kilimo kilituma wanafunzi kumi na wawili na daftari zao, nao wakaandika niliyoyasema mimi. Jina la Mzee Chura likabaki, lakini sasa watu walilitaja kama watajavyo cheo.

Palikuwa na dosari moja. Maji yalipotoka ngazi ya tatu kuingia kwenye mfereji wa mtaa, yalikokota harufu ya tope. Mahali pale panatazamana na dirisha la jirani yetu mshonaji, ambaye kila mtu humwita Mama Cherehani. Alilalamika, na alikuwa na haki, kwa sababu wateja wake walijaribu nguo huku wamebana pua. Nikamjengea dawa. Kila fundi bomba anajua kwamba chini ya sinki huwekwa bomba lililopinda, ili maji kidogo yabaki humo daima na kuzuia harufu isirudi juu. Nilijenga chemba ya matofali mwisho wa bwawa, nikaweka bomba la kupinda ndani yake, nikaifunika kwa mfuniko wa zege wenye tundu la kuingiza kidole wakati wa kuinua. Harufu ilikoma siku ile ile. Chemba nikaipiga niru nyeupe, ikang'aa kama kaburi la tajiri. Wageni wakija kuona igiri niliwaonyesha na chemba, na nadhani nyakati nyingine nilianzia chemba.

Miezi miwili baadaye Mama Cherehani akaanza kulalamikia mbu. Kwanza alimwambia mke wangu, kisha akanijia mwenyewe na mikono yenye madoa mekundu. Nilimweleza kwa upole, au kwa niliouona mimi kuwa upole, kwamba mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama na maji yangu yanatembea. Nikamshauri achunguze makopo yake ya maua. Alikwenda ofisi ya afya, na ndiyo ile barua.

Siku kumi na nne nilizifanyia kazi kama kijana. Nilichota tope lililozidi. Niling'oa vichaka vya igiri vilivyobanana, nikavikata kwa msumeno mdogo, kila kipande na chipukizi lake, nikavilaza upya kwa nafasi ya hatua ya mguu mmoja ili maji yapite katikati. Nilipima ngazi zote tatu upya na kukuta ya pili imezama nusu kidole upande wa jikoni, nikaiinua. Kisha nikaweka jani kavu juu ya maji kwenye mdomo wa kuingilia na kushika saa. Jani lilivuka bwawa zima kwa dakika tisa. Nililiandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Mke wangu alipendekeza niweke samaki wadogo wa kula mbu. Nikamwambia maji ya kifundoni yangewachemsha saa sita mchana, akasema sawa, yeye anapendekeza tu, yeye hajasoma masomo ya jioni.

Chemba sikuigusa, ila niliusugua mfuniko wake.

Katika siku hizo zote binti yangu hakuja. Alituma ujumbe kwa mama yake kwamba hataki ije ikasemwa amechukua upande. Kutoka kwa mama yake nikajua pia kwamba mumewe alimwandikia mkuu wake kueleza kuwa mwenye bwawa ni baba mkwe wake, na kwamba anaomba ukaguzi ufanyike mbele ya mkuu mwenyewe. Niliposikia nilinuna. Nilisema kijana ananifanya mimi mshukiwa.

Walikuja saa tatu asubuhi. Mkuu wa afya alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, amevaa buti za mpira, na alinisalimu kwa heshima. Mkwe wangu alibeba upawa mweupe wenye mpini mrefu na ubao wenye fomu. Majirani walikuwa wamepata shughuli za ghafla nje ya nyumba zao. Mama Cherehani alikaa dirishani na nguo isiyokuwa na sindano. Binti yangu pia alikuja, akasimama mbali, kwenye kona ya jiko, karibu na mama yake.

Kijana alianza ngazi ya juu. Alichovya upawa taratibu kwenye kingo, pale ambapo majani huweka kivuli, akauinua, akautazama juani, akamwonyesha mkuu wake, akaandika. Mara kumi. Akashuka ngazi ya pili, mara kumi. Ngazi ya tatu, mara kumi. Kila alipouinua mimi niliuona upawa kabla yake, na kila mara palikuwa na maji tu, na mara moja mdudu wa maji mwenye miguu mirefu, ambaye mkuu alisema hana hatia. Nilimpa jani la igiri alivunje anuse. Alinusa, akanusa tena, akaliweka mfukoni. Aliniuliza nimejifunza wapi kusawazisha maji kiasi kile. Nikamjibu, na sikulifupisha jibu.

"Mimi nimeridhika," alimwambia mkwe wangu. "Andika safi, twende."

Niliwasikia majirani wakipumua. Mke wangu aligeuka kurudi jikoni. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama Mama Cherehani dirishani.

Mkwe wangu hakuandika. Alikuwa amesimama mwisho wa ngazi ya tatu, anatazama maji yanavyoingia chini ya mfuniko.

"Baba, haya yanatokea wapi?"

Nilifurahi aliponiuliza. Nilimwelezea chemba kwa kina, bomba la kupinda, maji yanayobaki humo mwaka mzima, na jinsi yanavyozuia harufu. Nilikuwa nimefika katikati ya maelezo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Maji yanayobaki humo mwaka mzima. Yeye alikuwa akinitazama usoni, na niliona kwamba alikuwa ameelewa muda mrefu kabla yangu, na kwamba alikuwa akingoja. Mkuu wake alishageuka kwenda. Lilibaki neno moja tu la kuandika, "safi", na ruhusa ilikuwa imeshatolewa.

"Naomba nifunue, baba," alisema.

"Funua."

Aliingiza kidole kwenye tundu, akainua mfuniko. Mbu watatu wanne walitoka, si kwa haraka, kama watu waliozoea mlango huo. Alichovya upawa mara moja tu. Viluwiluwi vilikuwa vingi, vinajikunja na kujikunjua kwenye weupe ule, hata mtu asiye na miwani angeviona. Alimwonyesha mkuu wake. Kisha alinionyesha mimi, kwa mikono miwili, kama alivyonipa barua.

Mke wangu alikuwa amerudi. Alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Nyani haoni," akaacha hapo hapo.

Mkuu wa afya alivua miwani akaifuta. Alisema amri iko wazi, viluwiluwi vimepatikana. Alisema anasikitika. Nilitazama igiri yangu, ngazi tatu, majani yamesimama, na vidole vya kijani kumi na saba mwaka huo, maana nilikuwa nimevihesabu. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema kwamba kijana huyu amekula kwangu. Neno hilo lilifika hadi kwenye meno.

Mkwe wangu alikuwa anaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko fomu ile inavyohitaji, akageuza ukurasa, akaandika na nyuma yake. Mkuu wake akamwambia asome kwa sauti ili mwenye eneo asikie.

Alisoma. "Ngazi ya kwanza, machovyo kumi, hakuna. Ngazi ya pili, kumi, hakuna. Ngazi ya tatu, kumi, hakuna. Chemba ya kutolea maji, chovyo moja, viluwiluwi vingi. Mazalia ni chemba, si bwawa. Bwawa hili likifukiwa, maji ya mtaa yatarudi kutuama nyuma ya nyumba kama zamani na mbu watazidi. Napendekeza chemba ivunjwe na bwawa libaki. Mimi ni mkwe wa mwenye eneo, kwa hiyo naomba ukaguzi wa kila mwezi ufanywe na afisa mwingine."

Mkuu aliichukua fomu akaisoma mwenyewe, mbele na nyuma. Aliuliza chemba itavunjwa lini na nani.

Nilikwenda kwenye sanduku langu la vifaa. Nimejenga chemba nyingi maishani, nyingine ziko chini ya barabara ambazo magari mazito yanapita hadi leo, na sijawahi kujenga nzuri kama ile. Nilipiga nyundo ya kwanza kwenye pembe, niru ikapasuka. Mkwe wangu aliweka ubao chini, akakunja mikono ya shati, lakini nilimwambia hapana, avae kitambulisho chake vizuri, hii ni kazi ya aliyejenga. Nilivunja kuta zote nne. Niling'oa bomba la kupinda. Maji yaliyokuwa yamefungiwa humo yalitoka meusi, yakapotelea mferejini, na baada yake yakafuata maji safi ya ngazi ya tatu, yakipita wazi chini ya jua. Ilinichukua muda usiofika saa moja. Mkuu alisubiri mpaka mwisho, amesimama na buti zake, kisha akatia saini chini ya maandishi ya mkwe wangu na kupiga muhuri akiegemeza fomu kwenye ukuta wa jiko langu.

Walipoondoka nilinawa nikaenda dirishani kwa Mama Cherehani. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na kwamba makopo yake ya maua niliyasingizia. Sikuwa nimewahi kumwambia jirani maneno kama hayo, na sauti ilinitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Sasa harufu itarudi, Mzee Chura," alisema.

Nikamwambia nitapanda igiri kando ya mfereji, chini kabisa ya dirisha lake, maana pale napo ni tope. Tope litanuka, lakini wateja wake wakipita watakanyaga majani. Akaniuliza kama anaweza kupata na mizizi mikavu ya kuweka kwenye kabati la vitambaa. Nikamwambia ataipata mwaka wa tatu, mzizi haukomai kwa haraka ya mtu.

Jioni ile mkwe wangu alirudi na mkewe. Alivua viatu mlangoni. Hakukaa kwenye kiti chake mpaka nilipomwonyesha kwa mkono, na hata hivyo alikaa ukingoni, mikono katikati ya magoti.

"Baba, kama nimekukosea heshima mbele ya watu, naomba radhi."

Binti yangu aliacha kumimina chai. Nilimwambia kijana kwamba asubuhi ile nilimwona akinisubiri nimalize kuelezea chemba, ingawa alishajua. Nikamwuliza alikuwa anasubiri nini.

Alisema alikuwa anatumaini nitaiona mwenyewe kabla hajaifunua.

Nilikunywa chai yangu kwanza. Kisha nikamwambia kwamba katika miaka thelathini na minne ya kazi nimekaguliwa na wahandisi wengi. Wengi wao walitazama kazi kutoka kwenye kiti cha gari, na wengine walinipitisha kwa sababu walinipenda. Nikamwambia yeye ni wa kwanza kufunua mfuniko wakati alipokuwa ameshapewa ruhusa ya kuondoka. Mkewe alimjazia kikombe hadi chai ikamwagika kwenye kisosi.

Siku hizi anakuja afisa mwingine kila mwezi, kijana wa kutoka upande wa pili wa mji. Mara ya kwanza alichovya upawa wake mara tano tu, haraka haraka, akaanza kuandika. Nikamwambia bado ngazi mbili, na aje kwenye kingo penye kivuli, si katikati. Aliniuliza, kwa kuudhika kidogo, nimejua wapi kazi ya bwana afya.

Nikamwambia mkwe wangu ni bwana afya. Nikamwambia na jinsi alivyonikamata.